Chombo Kinachokubali Kusomwa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya katiba, kura, kodi na mikutano ya kijiji, na wewe unayejifunza Kiswahili umezoea kuokota humo msamiati wa haki na wajibu. Leo nakualika mahali ambapo wengi hawatarajii kukutana na somo la uraia: ndani ya kompyuta ndogo inayoendeshwa na mfumo ambao huenda hujawahi kuusikia. Mfumo huo unaitwa RISC OS, na kompyuta yenyewe ni Raspberry Pi 400. Nimeutumia pamoja na wanafunzi wa chama cha Kiswahili kwa mihula miwili, katika shule ya sekondari iliyo mashariki mwa Uganda, nao umenipa mfano hai wa jambo ambalo kwa miaka mingi nililifundisha kwa ubao na chaki tu.

Jambo lenyewe ni hili. Kulipia kitu ni hatua ya kwanza ya kukimiliki. Hatua ya pili ni kuweza kukifungua na kusoma kilichomo. Ya tatu ni kuweza kukirekebisha kwa lugha yako mwenyewe. Uhusiano wa raia na sheria za nchi yake ni wa namna hiyo hiyo. Anayezitii bila kuweza kuzisoma ni kama mpangaji, hata kama alizaliwa katika nyumba hiyo.

Kompyuta iliyojificha ndani ya kibodi

Raspberry Pi 400 ilitolewa Novemba 2020. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni kibodi tu, kwa kuwa kompyuta nzima imefichwa chini ya vitufe. Haina skrini yake. Unaiunganisha na televisheni au skrini yoyote yenye tundu la HDMI. Haina diski ya ndani. Mfumo wake wote hukaa katika kadi ndogo kama ukucha, ya aina ile ile tunayoitia katika simu. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, na chaja yake ni ya volti 5 na ampea 3, kiasi kwamba umeme wa jua wa kawaida unaweza kuiwasha. Ilipotoka, iliuzwa dola 70 za Marekani bila kipanya wala nyaya. Yangu niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na skrini tuliyoiunganisha ni televisheni ya zamani ya chumba cha walimu.

Sifa yake inayonipendeza zaidi ni hiyo kadi. Ukitoa moja na kutia nyingine, kompyuta huamka ikiwa na mfumo mwingine kabisa. Mimi nina kadi mbili. Ya kwanza ina mfumo wa kawaida wa Raspberry Pi, ambao umejengwa juu ya Linux. Ya pili ina RISC OS. Kujaribu mfumo mgeni hakuharibu uliokuwepo, maana uliokuwepo umelala salama mfukoni.

Hapa yafaa nieleze neno *mfumo endeshi* kwa ajili ya wasomaji wapya. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayozitawala programu nyingine: ndiyo inayoamua nani atumie kumbukumbu, nani aandike katika kadi, nani achore dirisha katika skrini. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni kama jumba la halmashauri lisilo na watumishi; milango ipo, viti vipo, lakini hakuna wa kukuhudumia. Watu wengi wameona mifumo miwili au mitatu tu maishani mwao, nao hudhani kwamba kompyuta na mfumo wake ni kitu kimoja, kama mtoto anavyodhani kwamba serikali na nchi ni kitu kimoja. Ni muhimu kuvitenganisha viwili hivi. Nchi hubaki, serikali hubadilika. Kompyuta hubaki, na mfumo wake huweza kubadilishwa.

Mfumo uliotoka shuleni

RISC OS una historia inayomfaa mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianzisha mradi wa kuwafundisha wananchi kompyuta kwa njia ya televisheni, na likahitaji kompyuta ya kuandamana na vipindi hivyo. Kampuni ndogo ya mjini Cambridge iitwayo Acorn ndiyo iliyopewa kazi hiyo. Kompyuta ya BBC Micro ikatoka Desemba 1981, nayo ikaingia katika shule nyingi za nchi ile. Baadaye wahandisi wawili wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, walibuni kichakataji kipya, yaani ubongo wa kompyuta, wakakiita ARM. Kipande cha kwanza kilifanya kazi Aprili 1985. Mwaka 1987 Acorn ilitoa kompyuta ya Archimedes iliyotumia kichakataji hicho. Mfumo wake ulianza kwa jina la Arthur, na kuanzia mwaka 1989 ukaitwa RISC OS.

Acorn haikudumu. Mwaka 1998 ilifunga idara yake ya kompyuta za mezani. Lakini ARM ilienea dunia nzima. Simu uliyo nayo mkononi, iwe ya bei ghali au ya bei nafuu, karibu hakika inaendeshwa na uzao wake. Raspberry Pi nayo, iliyobuniwa Cambridge hiyo hiyo na kutolewa kwa mara ya kwanza Februari 2012, hutumia ARM. Ndiyo maana mfumo wa miaka ya themanini unaweza kuishi katika kompyuta ya leo: umekutana na ukoo wake.

Na wale waliokuwa wakiutumia mfumo huo, ingawa ni wachache, hawakukubali uzikwe. Mwaka 2006 iliundwa kampuni ya RISC OS Open kwa ajili ya kuutunza na kuuendeleza. Oktoba 2018 msimbo wake, yaani maandishi asilia ya mfumo, ukatolewa chini ya leseni huria iitwayo Apache. Tangu siku hiyo mtu yeyote, popote alipo, ana ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Zingatia neno *ruhusa*. Leseni ni hati ya haki na masharti. Ukijifunza kuisoma leseni umejifunza kusoma mkataba, na aliyejifunza kusoma mkataba hatishwi na maandishi madogo.

Desturi za nyumba ngeni

Kuhamia mfumo mwingine ni kama kulala ugenini. Unagundua kwamba mambo uliyoyadhani kuwa ya lazima yalikuwa desturi tu.

Kwanza, RISC OS huamka haraka. Unawasha, unahesabu sekunde chache, na skrini iko tayari, kwa sababu kiini chote cha mfumo ni cha megabaiti chache tu. Pili, madirisha yake hayana mstari wa menyu juu. Kipanya kina vitufe vitatu, na kila kimoja kina kazi yake: cha kushoto huchagua, cha kati hufungua menyu pale pale ulipo, na cha kulia hurekebisha. Kwa kipanya cha kawaida, gurudumu ndilo linalobonyezwa kama kitufe cha kati. Tatu, na hili ndilo lililowashangaza wanafunzi zaidi, ni namna ya kuhifadhi kazi. Hutokea kisanduku chenye picha ndogo ya faili. Unaishika picha hiyo kwa kipanya, unaiburuta hadi katika folda unayoitaka, kisha unaiachilia. Katika darasa la kompyuta nimezoea kusikia kilio, "Mwalimu, limeenda wapi?" Katika RISC OS kilio hicho ni nadra. Faili liko pale ulipolipeleka kwa mkono wako.

Kuna desturi ya nne, ambayo ni ya ndani zaidi. Kompyuta yoyote yenye programu nyingi lazima izigawie muda. Katika mifumo mingi ya leo, mfumo hushika saa mkononi: programu ikizidisha muda wake hukatizwa, itake isitake. RISC OS hufuata njia nyingine. Kila programu hufanya kazi yake, kisha yenyewe hurudisha zamu kwa wenzake. Hakuna anayeinyang'anya. Programu zote zikiwa na adabu, mambo huenda vizuri. Lakini moja ikikataa kuachia zamu, kompyuta nzima husimama, na alama ya saa ya mchanga hukaa skrini ikikutazama. Hapo inakubidi ubonyeze vitufe vya Alt na Break kwa pamoja ili uitoe programu hiyo kwa nguvu.

Niliwauliza wanafunzi: je, mmewahi kuona mkutano wa namna hiyo? Walicheka, kwa sababu kila mmoja alimkumbuka mzee fulani ambaye akishika neno halirudishi. Tukajadili kwa saa nzima. Wengine walisema mkutano unahitaji mwenyekiti mwenye kengele. Wengine walisema mkutano unaotegemea kengele peke yake haujawafundisha watu wake kusikilizana. Waiswa, mvulana wa kidato cha tatu ambaye husema mara chache, alisema kwamba vyote viwili vinahitajika: adabu kwa siku zote, na kengele kwa siku ile moja. Sina la kuongeza juu ya jibu hilo.

Folda yenye alama ya mshangao

Sasa nifike kwenye kiini cha makala hii. Katika RISC OS, programu huhifadhiwa kama folda ambayo jina lake huanza na alama ya mshangao. Ukiibofya mara mbili, programu inaanza. Lakini ukishikilia kitufe cha Shift huku ukibofya mara mbili, folda inafunguka, nawe unaona viungo vya programu: picha zake, maelekezo yake ya kuanzia, madirisha yake, na mara nyingi faili moja liitwalo Messages. Faili hilo ni maandishi ya kawaida. Ndani yake mna maneno mengi ambayo programu humwambia mtumiaji: menyu, maonyo, maswali, taarifa. Kila mstari una ufunguo mfupi, kisha nukta mbili, kisha maneno yenyewe.

Siku nilipowafungulia wanafunzi faili hilo, walinyamaza kidogo. Programu tuliyoichagua ilikuwa ndogo, ya kutunza orodha, na ilizungumza Kiingereza. Akello, msichana wa kidato cha pili, aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo maneno haya yaliandikwa na mtu?" Ni swali dogo, lakini lina uzito. Mpaka siku hiyo alidhani kwamba maneno ya kompyuta ni sehemu ya kompyuta, kama chuma na waya. Sasa aliona kwamba kuna mtu aliyekaa chini, akafikiri, akachagua neno moja badala ya jingine.

Tulinakili folda nzima kwanza, ili ile ya asili ibaki salama. Kisha tukaanza kuandika Kiswahili. Herufi hazikutusumbua hata kidogo, maana Kiswahili huandikwa kwa alfabeti ya kawaida, na hata neno kama *ng'ombe* halihitaji zaidi ya alama ya ritifaa iliyopo katika kila kibodi. Kazi ilikuwa katika maneno.

Menyu ya programu hiyo ilikuwa na neno la kuiondoa. Pendekezo la kwanza lilikuwa *Toka*. Wanafunzi walicheka na kusema kwamba hivyo ndivyo unavyomfukuza mbwa. *Ondoka* likaonekana kama amri ya askari. *Acha* likaonekana kama ugomvi wa watoto. Tukamaliza kwa *Funga*, kama unavyofunga daftari kazi inapokwisha. Neno la kuonyesha taarifa za programu likawa *Maelezo*. Kuhusu kompyuta yenyewe, tulibishana kama tuseme *kompyuta* au *tarakilishi*, kama wanavyobishana walimu wengi, tukaamua kwamba anayetumia programu hii hahitaji kuingizwa katika ugomvi huo.

Kisha tukafika kwenye mstari uliotusimamisha kwa wiki mbili.

Nani amefuta?

Mstari huo wa Kiingereza ulisema kwamba kitu fulani kimefutwa. Mahali pa jina la kitu hicho palikuwa na alama *%0*, ambayo programu huijaza yenyewe wakati wa kazi. Mwanafunzi mmoja akaandika mara moja:

*%0 limefutwa.*

Alikuwa akifikiria *faili*. Akello akamuuliza, "Na kama kilichofutwa ni picha? Picha *imefutwa*. Na kama ni kitabu? Kitabu *kimefutwa*. Na kama ni majina mawili? Majina *yamefutwa*." Wewe unayejifunza Kiswahili unalijua vyema fumbo hili, kwa sababu ngeli ndizo zinazokukosesha usingizi. Kiingereza hakihitaji kujua aina ya kitu kabla ya kutaja tendo. Kiswahili hakikubali kusema lolote kabla ya kujua ni nani au ni nini kinachozungumziwa. Kitenzi chetu hubeba kiambishi cha nomino yake, na aliyeandika alama ya *%0* hakuwa na habari ya upatanisho wa kisarufi.

Tuliandika mapendekezo ubaoni. La kwanza lilikuwa kuongeza neno moja la kutegemewa: *Kitu hiki kimefutwa: %0.* Ni sahihi, ila linasikika kama barua ya ofisini. La pili lilikuwa kutumia nomino ya kitendo: *Ufutaji wa %0 umekamilika.* Hili nalo ni sahihi, lakini ni zito kwa mtu anayefuta jina moja katika orodha. La tatu lilitoka kwa Waiswa:

*Umefuta: %0.*

Darasa lilikubali papo hapo kwamba limetatua tatizo la ngeli, maana kiambishi *u-* sasa kinamhusu mtumiaji, ambaye siku zote tunamjua. Lakini Akello aliona jambo la pili. "Sentensi ya kwanza haikusema nani amefuta," alisema. "Hii inasema."

Tulisimama hapo kwa kipindi kizima. Kauli ya kutendwa ina kazi zake halali. Hutumika pale mtendaji asipojulikana au asipokuwa na umuhimu. Lakini pia ni maficho mazuri. Soma tangazo lolote la ofisi lililobandikwa ukutani: *Fedha zimetumiwa. Kazi imecheleweshwa. Majina yameondolewa katika orodha.* Kisarufi hakuna kosa. Kiraia, kuna mtu aliyekosekana katika kila sentensi. Wanafunzi waligeuza sentensi hizo tatu kuwa za kutenda, na kila mara walijikuta wanauliza swali lile lile: mtendaji ni nani? Bila jibu, sentensi haiandikiki. Sarufi yenyewe ilikuwa inadai uwajibikaji.

Mstari wa Waiswa ndio ulioingia katika faili. Tuliihifadhi, tukaianzisha programu upya, tukaandika jina katika orodha na kulifuta. Dirisha dogo likatokea na maneno yao wenyewe. Hawakupiga makofi. Walisogea karibu na televisheni, kana kwamba wanataka kuhakikisha kwamba herufi hizo ni za kweli.

Faida yake ni ipi?

Usidhani kwamba kila mtu alifurahi. Katika mkutano wa wazazi, baba mmoja aliyeheshimika alisimama na kusema, "Mwalimu, tunakuheshimu, na watoto wanakupenda. Lakini mfumo huu hautahiniwi, na hakuna ofisi hapa mjini inayoutumia. Kwa nini kompyuta moja tuliyo nayo katika chama itumike kwa kitu kisicho na kazi?"

Mzee huyo alisema kweli, na sitamjibu kwa kumpuuza. Hakuna mwanafunzi wangu atakayeajiriwa kwa sababu anaijua RISC OS. Mfumo wenyewe una mipaka mingi. Hutumia kiini kimoja tu cha kichakataji kati ya vinne vilivyomo. Tovuti nyingi za leo hazifunguki vizuri ndani yake. Na faili la Messages halina kila kitu: maneno ya vitufe vya madirisha hukaa mara nyingi katika faili jingine ambalo huhitaji programu maalumu ya kulihariri. Kwa kazi za ofisini tunayo kadi ya kwanza, yenye Linux, na siku nne za wiki ndiyo inayotumika. Tena yapo makubwa zaidi yaliyofanywa kwa Kiswahili katika ulimwengu huo wa programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, miaka mingi kabla sisi hatujafungua folda yetu.

Hata hivyo, nilimwomba mzee huyo atazame upande wa pili. Mfumo mkubwa ni kama sheria za nchi: mtu mmoja hawezi kuusoma wote, na mwanafunzi akiufungua hujiona mdogo. Mfumo mdogo ni kama kanuni za chama cha kijiji: unaweza kuzisoma zote katika jioni moja, ukaona ni kanuni ipi inayokuonea, na ukapendekeza nyingine katika kikao kijacho. Hatuwafundishi watoto demokrasia kwa kuanzia bungeni. Tunaanza na uchaguzi wa kiranja. Ndivyo ninavyoitumia RISC OS.

Na kuna jambo linalohusu lugha yenyewe. Katiba ya Uganda, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekifanya kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Kwenye karatasi tumefika mbali. Lakini mioyoni mwa wanafunzi wangu wengi Kiswahili kilikuwa bado lugha ya jeshi na polisi, lugha ya kuamrishwa. Walikijua kama sauti inayosema *simama* na *toa kitambulisho*. Ukikumbuka jinsi walivyolikataa neno *Ondoka* kwa sababu linanukia amri, utaelewa kilichokuwa kikitendeka. Kwa mara ya kwanza wao ndio waliokuwa wakiamua Kiswahili kizungumze kwa sauti gani, na walichagua sauti ya upole.

Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sikatai kuazima, Kiswahili chenyewe kimeazima kutoka Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na hakikupungukiwa. Anayeazima neno na kulipa kiambishi chake amelifanya kuwa lake. Tatizo ni kuvaa cha kuazima maisha yako yote bila kujua kimeshonwaje, ukaogopa hata kushona kifungo kilichodondoka.

Mkutano ule haukumaliza shauri. Wazazi walikubali kwamba kadi ya pili iendelee kutumika kila Ijumaa mpaka mwisho wa mwaka, kisha wao wenyewe watakuja kuona kazi ya watoto na kuamua kama chama kiendelee nayo au kompyuta ibaki ya mazoezi ya mitihani tu. Naona ni uamuzi wa haki. Wanafunzi wamekwisha kuamua watakachowaonyesha: programu ya orodha, ikiwa na majina ya wazazi wote waliochanga fedha za chama na kiasi kilichotumika, kwa Kiswahili, huku kila mstari wa matumizi ukimtaja aliyetumia. Sijui kama watu wazima wote watapendezwa na mstari huo wa mwisho.

Kazi yako ya wiki hii

Huhitaji Raspberry Pi ili ufanye zoezi hili. Chukua simu yako, uiweke katika Kiswahili ikiwa ina chaguo hilo, kisha nakili katika daftari taarifa tano inazokuonyesha. Pigia mstari kila kitenzi cha kauli ya kutendwa. Angalia viambishi: je, mfasiri amekisia ngeli gani, na amekisia vizuri? Andika upya kila sentensi ili mtendaji aonekane, na pale usipompata mtendaji, andika kwa nini unadhani hayupo.

Ukimaliza, nenda kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yoyote ya umma iliyo karibu nawe, usome tangazo moja kwa jicho hilo hilo. Kisha mwulize mtu aliye dirishani, kwa adabu na kwa Kiswahili fasaha, swali moja tu ambalo tangazo hilo limeliacha.